Umeme wa Karavani: Usiku Tuliofunzwa Hesabu Juu ya Salalah

Wenye kulala chumba kimoja na mgonjwa wa pumzi wanaijua hali hii: sauti ya mashine yake, ukishaizoea, hukulaza, na ikikatika, hukuamsha. Saa saba na nusu za usiku, kwenye miinuko ya Itin juu ya mji wa Salalah, mashine ya Mama ilinyamaza. Nilipofungua macho, kiza kilikuwa kimeijaza karavani nzima. Hata ile taa ndogo ya juu ya mlango ilikuwa imezimika. Mama alikuwa ameshaamka, amekaa kitako kitandani, barakoa ya mashine iko mkononi mwake.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini ili asiwaamshe wajukuu, "umeme umekatika?"

Nilimjibu kwamba hapa mlimani hakuna umeme wa kukatika. Umeme wote ni ule tuliokuja nao, na tulikuwa tumeumaliza.

Mama ana umri wa miaka 71. Pumzi yake hukatika usingizini, na daktari amempa mashine inayomsukumia hewa puani usiku kucha. Akiikosa, huamka mara kwa mara akitafuta hewa, na asubuhi humkuta kichwa kimemwelemea. Usiku ule nilimvika joho la sufi, nikamshika mkono hadi kwenye gari, nikaliondoa gari hatua 50 kutoka kwenye karavani ili moshi usiwafikie watoto waliolala. Mashine niliiunga kwenye soketi ya gari kwa inveta ndogo ambayo vijana huitumia kuchajia kompyuta zao. Mama akalala kiti cha mbele kilicholazwa nyuma, injini ikiunguruma, nami nikasimama nje katika manyunyu nikilichunga bomba la moshi na upepo unakoelekea, mpaka ilipoadhiniwa Alfajiri kwenye simu ya jirani.

Ndugu msomaji, nimeyaandika haya kwa sababu katika kambi ile ya Kharifu nilizikuta familia nyingi zenye karavani kama yetu, na katika wale niliozungumza nao siku zilizofuata sikumpata hata mmoja aliyeweza kuniambia betri yake ina kiasi gani, inapokea kiasi gani kwa siku na inatoa kiasi gani. Sote tulikuwa tumenunua vyombo. Hesabu hatukuwa nayo.

Sisi ni katika zile familia za Maskati ambazo Kiswahili kilihamia nazo kutoka Unguja, na nyumbani kwetu bado ndicho kinachotumika kwa mambo yote yenye uzito. Kila mwaka, Maskati inapokuwa tanuri, watu huelekea Dhofar, ambako kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba pepo za kusi huileta milimani hali iliyo adimu katika bara Arabu: ukungu, manyunyu na majani mabichi hadi miguuni pa ngamia. Ni safari ya takriban kilomita 1,000 kupitia Nizwa, Adam, Haima na Thumrait, nyingi yake jangwa tupu lililonyooka. Mwaka huo tulikwenda na karavani kwa mara ya kwanza, nyumba ya magurudumu inayoburutwa nyuma ya gari, yenye vitanda, jiko la gesi, friji, pampu ya maji, paneli moja ya sola ya wati 200 juu ya paa, na betri ya ampea-saa 110 chini ya kiti. Tulilala Haima katika nyumba ya wageni, siku ya pili jioni tukapanda Itin. Mashine ya Mama ilizima usiku wa pili wa kukaa kwetu pale.

Baada ya Sala ya Alfajiri alikuja mzee mmoja wa hema la jirani, aliyekuwa ameniona nikisimama nje. Ni fundi umeme mstaafu, naye amelelewa Pemba, na tangu aliposikia matamshi yangu nikawa mwanawe naye akawa Ami yangu. Alikuja na kipimo cha volti mfukoni, kama wazee wengine wanavyotembea na tasbihi.

"Nani kakwambia betri yako ilijaa?" aliniuliza.

"Aliyeifunga, Ami. Alisema gari likitembea, nayo inajaa. Na gari limetembea siku mbili."

"Gari limetembea, kweli. Umeme haukufika."

Akaniamuru niwashe injini. Kwenye betri ya gari kipimo kilisoma volti 14.2, ambacho ni kiwango kizuri. Tukaunganisha karavani, tukapima kwenye betri iliyo chini ya kiti: volti 12.9. Betri ya aina yetu huhitaji kufikishiwa volti 14.4 au karibu na hapo, na kushikiliwa hapo kwa saa kadhaa, ndipo ijae. Volti moja na zaidi ilikuwa imepotelea njiani, na Ami alinionyesha ilikopotelea: waya mwembamba wa milimita mraba 2.5, mita nane kwenda na mita nane kurudi. Waya wa namna hiyo ukipitisha ampea 10 tu hupoteza volti moja na ushei kwa upinzani wake, na kila kiungio chenye kutu huongeza upotevu. Kadiri betri inavyopanda, tofauti ya msukumo kati yake na gari hupungua, na mkondo unasinyaa hadi ampea tatu au nne. Friji ilikuwa ikifanya kazi safari nzima kutoka betri hiyohiyo. Kilichoingia ndicho kilichotoka.

Kwenye magari mapya tatizo ni kubwa zaidi, kwa kuwa altaneta za siku hizi huongozwa na kompyuta ili kupunguza matumizi ya mafuta: betri ya gari ikishatosheka, msukumo hushushwa, na karavani iliyo nyuma haihesabiwi kabisa. Dawa yake ipo. Ni chaja inayokaa karibu na betri ya karavani, inayopokea volti zozote zinazofika kutoka kwenye gari, hata zikiwa 12 tu, na kuzipandisha hadi kiwango ambacho betri inakitaka. Chaja ya ampea 30, ikipata waya mnene wa milimita mraba 16 au zaidi, na fyuzi karibu na kila betri, huweza kuingiza katika saa nne za barabarani zaidi ya ampea-saa 100. Wengi hununua chaja hiyo na kuifunga kwa waya uleule mwembamba wa zamani, kisha wakalalamika kwamba wameibiwa. Waya utapata moto, na fyuzi ikiwa haipo, utapata moto wa aina nyingine.

Lakini Ami hakuanza na waya. Alianza na karatasi. Alimwomba Mama penseli ya mjukuu, akaketi kwenye kiti cha kukunja chini ya turubai linalotiririka maji, akaniuliza kila kitu kinachotumia umeme ndani ya nyumba yetu ndogo, na kwa saa ngapi.

Ampea-saa ni kipimo chepesi kukielewa. Kifaa kinachovuta ampea moja kwa saa moja kimekula ampea-saa moja. Kinachovuta ampea nne kwa saa mbili kimekula nane. Betri yetu imeandikwa 110, lakini hiyo ni hesabu ya karatasi. Betri ya risasi na asidi, iwe ya maji au iliyofunikwa ambayo watu huiita kavu, haipendi kushushwa chini ya nusu. Ukizoea kuikausha, umri wake utahesabu kwa miezi. Kwa hiyo halali yetu ilikuwa 55 tu kwa kila ijazo.

Sasa matumizi. Friji ya kompresa, katika ubaridi ule wa mlimani, 25 kwa siku. Maskati wakati wa joto ingekula mara mbili yake. Taa zote, 5, kwa kuwa taa za kisasa hazina njaa. Pampu ya maji inavuta ampea nyingi lakini kwa dakika chache, hata wakitawadha watu saba mara tano: 2. Simu sita na kompyuta ya watoto, 9. Na mashine ya Mama? Hapa Ami aliinua kichwa.

Mashine ile tulikuwa tukiiendesha kwa inveta, yaani chombo kinachogeuza volti 12 za betri kuwa 230 kama za nyumbani. Kisha chaja ya mashine yenyewe ilikuwa ikizichukua zile 230 na kuzirudisha kuwa volti chache. Tulikuwa tukipanda ngazi na kushuka ngazi ili tufike palepale tulipokuwa, na kila hatua inadai ushuru. Inveta peke yake, hata isipokuwa na kitu ilichobeba, ilikula karibu ampea moja kwa saa kwa sababu tu imewashwa. Na mashine ilikuwa na kichombo cha maji chenye kipashio, cha kuitia hewa unyevu ili koo lisikauke. Jumla ya usiku mmoja: 44.

Ami alitazama nje, ambako ukungu ulikuwa umeficha hata magurudumu ya gari letu, akatabasamu. "Hewa hii unaitia unyevu?"

Tulikuwa tunachoma sehemu ya umeme wetu kulowesha hewa iliyokwisha kulowana.

Jumla ya karatasi ilikuwa 85 kwa siku, dhidi ya halali ya 55, na betri haikufika ikiwa imejaa. Huhitaji kuwa mhandisi kuona kilichotokea. Usiku wa kwanza tulikula akiba yote na sehemu kubwa ya kile ambacho hatukustahiki kukigusa. Usiku wa pili tuliingia kulala na mabaki. Kwenye ukuta wa karavani kulikuwa na taa tatu, ya kijani, ya njano na nyekundu, na jioni ile ilikuwa inawaka ya njano. Niliiona. Nikasema moyoni kwamba kesho jua litaijaza.

Jua lipi? Hilo lilikuwa kosa langu la tatu, na nadhani ndilo linalowapata watu wengi kwa sababu ndilo linaloonekana kuwa na mantiki. Oman ni nchi ya jua. Tukienda kwenye mchanga wa Sharqiya mwezi wa Januari, paneli ya wati 200 iliyolazwa juu ya paa hutupatia ampea-saa 45 hadi 55 kwa siku ya anga safi, na siku fupi za majira yale si kikwazo kikubwa. Nilikuwa nimejengea safari ya Kharifu juu ya hesabu ya Sharqiya. Lakini watu husafiri kilomita 1,000 kwenda Salalah wakati huo kwa ajili ya wingu! Siku nzima ya kwanza paneli yetu iliingiza ampea-saa 11. Siku ya tatu, ukungu ulipotanda tangu asubuhi hadi usiku, 8. Anayekwenda milimani Dhofar wakati wa Kharifu na aihesabu sola yake kuwa ni nyongeza ndogo, ikija ashukuru.

Hata mahali penye jua kuna mambo ambayo muuzaji hakwambii dukani. Wati 200 zilizoandikwa nyuma ya paneli zimepimwa paneli ikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya paa la karavani katika jua la Oman paneli hufika nyuzi 60 na zaidi, na kwa kila nyuzi inayopanda hupoteza takriban theluthi moja ya asilimia. Kwa hiyo acha nafasi ya hewa kupita chini yake, usiigandishe kwenye bati. Kivuli kidogo cha antena au cha tawi la msamura kikilalia pembe moja ya paneli, huweza kuzima sehemu kubwa ya paneli nzima, kwani vipande vyake vimeungwa kama mnyororo. Tangu hapo sitafuti mahali pa kuegesha kwa kutazama mti. Karavani naiweka juani, sisi wenyewe tunakaa chini ya mti, na paneli ya kukunja naigeuza na jua asubuhi, mchana na alasiri. Vumbi la jangwani lifutwe alfajiri kwa kitambaa laini, umande ukiwa bado upo, maana kavu kwa kavu hukwaruza kioo.

Kati ya paneli na betri hukaa kidhibiti cha chaji. Vya aina mbili viko sokoni, na kile cha bei kubwa, ambacho hutafuta chenyewe kiwango bora cha volti cha paneli, hulipa tofauti ya bei hasa siku za baridi na za mawingu. Msomaji wa Tanga au Kondoa mwenye sola juu ya bati la nyumba yake atakuwa anatabasamu hapa, kwani haya ameyajua muda mrefu. Betri ni ileile, na ujanja wa kuishi nayo ni uleule. Tofauti ni kwamba nyumba yake haihami kutoka juani kwenda ukunguni katika siku mbili.

Jenereta ndilo jibu la haraka la kambi nyingi, na silikatai. Asubuhi ile Ami alituazima lake dogo, tukaunga chaja ya kawaida ya ampea 30, na baada ya saa mbili betri ilikuwa imepata uhai wa kutosha kuvuka usiku. Lakini nina maneno mawili. Kwanza, ile soketi ya volti 12 iliyoko kwenye jenereta ndogo nyingi hutoa takriban ampea nane tu, bila udhibiti wa maana. Aliyeunga betri yake hapo atasikiliza makelele kutwa nzima na kupata kidogo. Tumia njia ya 230 na chaja ya kweli. Pili, betri ya risasi hupokea upesi mpaka asilimia 80 hivi, kisha hupunguza kasi, na sehemu iliyobaki huchukua saa nyingi bila kujali ukubwa wa jenereta. Kwa hiyo jenereta lifanye kazi asubuhi, saa moja au mbili, sola imalizie taratibu mchana. Kuliendesha usiku, watu wamelala na wengine wamesimama kwa Sala ya usiku, ni kuidhulumu haki ya jirani, na hema si ukuta.

Na moshi wake unaua. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Humlaza mtu usingizi asioamka. Jenereta liwe mbali, upande ambao upepo unatoka karavani kuelekea kwake, kamwe lisiwe chini ya turubai la mlangoni hata mvua ikinyesha, na ndani ya karavani kiwepo king'ora cha gesi hiyo. Ndiyo maana usiku ule nililisogeza gari, na ndiyo maana sikulala.

Kuhusu birika la umeme nitasema sentensi moja: wati 2,000 kwenye betri ya volti 12 ni zaidi ya ampea 160, na chai ya namna hiyo inywewe nyumbani, gesi ipo.

Tuliporudi Maskati nilibadilisha betri. Sikuona haya, maana ile ya kwanza ilikuwa imeshajeruhiwa: betri ya risasi ikikaushwa na kuachwa hivyo, hata kwa siku chache, chumvi ya salfeti hugandia kwenye bamba zake na sehemu ya ujazo wake hairudi tena. Nilichukua ya lithiamu, ya ampea-saa 200. Ni ghali, lakini huweza kutumiwa hadi asilimia 80 bila kudhurika, hupokea chaji kwa kasi ileile karibu hadi mwisho, na uzito wake ni chini ya nusu, jambo ambalo gari huliona kwenye milima ya Thumrait. Asiye na uwezo huo asione kwamba amekosa kila kitu. Betri mbili nzuri za risasi, zikitunzwa, zitamfikisha. Nyenzo muhimu kuliko aina ya betri ni mita yake, ile inayohesabu kila ampea inayoingia na inayotoka na kuonyesha asilimia iliyobaki. Kwa betri ya risasi unaweza kukadiria kwa volti, ikiwa imepumzika bila mzigo kwa saa kadhaa: 12.7 imejaa, 12.1 hivi ni nusu, na chini ya hapo unakula mtaji. Kwa lithiamu volti hazisemi kitu. Zitakaa palepale, kisha zianguke ghafla.

Lithiamu nayo ina masharti. Haikubali kuchajiwa chini ya nyuzi 0, na wale wanaopanda Jabal Shams usiku wa Desemba au Januari wanajua kwamba maji huweza kuganda huko. Betri nzuri hujifunga yenyewe katika baridi hiyo, na mwenyewe akadhani imekufa. Asubiri jua lipande. Upande wa pili ni joto. Betri ya risasi inayokaa kwenye nyuzi 35 huishi takriban nusu ya umri wa ile inayokaa kwenye 25, na sanduku la karavani iliyoegeshwa uani Maskati mwezi wa Juni hupita nyuzi hizo kwa mbali. Mimi huitoa betri yangu majira ya joto yote nikaiweka chumba cha ghala, ndani, ikiwa na nusu ya chaji. Betri ya risasi, kinyume chake, ihifadhiwe ikiwa imejaa, na ile ya maji ikae penye hewa, maana inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka.

Nirudi kwa Mama, kwa sababu ndiye aliyenifanya nijifunze haya yote.

Kabla ya kubadili lolote tulimwendea daktari wake. Alituruhusu kukizima kipashio cha unyevu wakati wa Kharifu, na akatueleza kwamba ipo waya maalumu ya mashine ile inayoiunga na betri moja kwa moja, bila inveta. Nawasihi wenye wagonjwa wasilifanye hili kwa kubahatisha, kwa kuwa mashine hutofautiana, nyingine hudai volti 24, na unyevu kwa baadhi ya wagonjwa si anasa. Kwa Mama, matumizi ya usiku yalishuka kutoka 44 hadi 13. Hakuna paneli wala betri niliyonunua iliyoniletea faida kubwa kama waya ile.

Na baada ya usiku ule niliamua kwamba pumzi ya mtu haitashindana tena na friji. Mama ana betri yake peke yake, ndogo, ya lithiamu ya ampea-saa 50, ndani ya sanduku lenye mpini, soketi na fyuzi. Hakuna kinachoruhusiwa kuungwa hapo isipokuwa mashine yake. Hutosha usiku tatu bila kuchajiwa. Wenye dawa ya insulini kwenye friji watajipatia mpango wao kwa kanuni ileile. Kifriji kidogo cha kubebwa chenye betri yake hutosha.

Sanduku hilo lilitatua jambo lingine ambalo sikuwa nimelifikiria. Ukifika kambini unaiacha karavani mlimani, unakwenda na gari kutembea: Wadi Darbat, Taqah, ufukwe wa Mughsail ambako bahari hupuliza maji kupitia matundu ya mwamba. Saa tatu au nne za gari kila siku, altaneta ikitoa umeme wa bure, na karavani haipo nyuma kuupokea. Sanduku la Mama linaingia kwenye buti, linaungwa na chaja ndogo, na tukirudi Magharibi limejaa.

Mwaka uliofuata tulirudi Itin, palepale. Tulifika na asilimia 100, maana safari hii waya ulikuwa mnene. Matumizi ya siku yalikuwa 41 bila mashine ya Mama, sola ikaleta 14, 9, 16, na siku moja ya ajabu ukungu ulipofunguka adhuhuri, 31. Siku ya tano mita ilisoma asilimia 46, na jenereta nililolibeba kwa tahadhari halikuwashwa. Ami hakuwapo mwaka huo, magoti yamemzuia. Nilimpigia simu nikamsomea tarakimu, moja baada ya moja, naye aliniuliza tu kama nimevikagua viungio vya waya baada ya safari, kwa sababu mtikisiko wa barabara huvilegeza. Sikuwa nimevikagua. Vitatu vilikuwa vimelegea.

Kazi ya kulibeba sanduku asubuhi hadi kwenye gari, na kulirudisha jioni, imechukuliwa na mjukuu wa miaka 12, naye hulibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa yai. Mama hulala mapema. Kabla ya kuvaa barakoa yake huinama, hutazama kioo kidogo cha sanduku kwa miwani yake ya kusomea, na kuisema tarakimu kwa sauti ili sote tuisikie.